Kandambili ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba yetu, hapa mtaa wa Rugenge, Uvira, akiwa na mfuko wa mchele kichwani, kitenge kipya kiunoni na kandambili moja. Mguu wa kushoto ulikuwa umevaa. Wa kulia ulikuwa mtupu, umejaa vumbi la barabara nzima kutoka Lubarika, na mwenyewe hakuwa na habari. Alitembea mpaka mlangoni akitusalimia mmoja mmoja. Mke wangu ndiye aliyeona.

"Mama, kambambili ingine iko wapi?"

Akatazama chini. Alikaa kidogo akiuangalia ule mguu, kisha akasema, "Minye sijue. Sikusikia ikitoka."

Tulicheka. Wajukuu walicheka, mke wangu alicheka, mwenye pikipiki alizima injini ili acheke vizuri. Mimi nilicheka kwa adabu, nimegeukia ukutani, kwa sababu mtu hamcheki mama mkwe wake usoni. Lakini nilicheka. Naliweka jambo hili mwanzoni kabisa ili msomaji ajue mapema anasoma maneno ya mtu wa namna gani.

Watu huniita dokta. Ukweli ni kwamba mimi ni muuguzi. Nilisoma uuguzi, nikapata diploma, nikapewa koti jeupe na kituo kidogo cha afya kando ya ziwa, vyumba vitatu na veranda yenye benchi mbili. Mtu wa kwanza aliyeniita dokta nilimsahihisha. Wa pili nilimwacha. Baada ya mwaka mmoja, mtu akisema "enfirmie", yaani muuguzi, nilikuwa nageuka nyuma kuangalia anamwita nani.

Sifa yangu ilikuwa mbio. Watu walitoka mitaa mingine kuja kwangu kwa sababu kwangu hapakuwa na kungoja. Ikifika saa tano asubuhi benchi zote mbili zilikuwa tupu, nami nimesimama mlangoni na kikombe cha chai, najiona. Siri ya mbio hizo sijawahi kumwambia mtu. Rejista yetu ina safu ya jina, ya umri, ya malalamiko ya mgonjwa, ya ugonjwa na ya dawa. Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, nilikuwa naijaza ile safu ya malalamiko. Homa, kichwa. Homa, kichwa. Homa, kichwa, viungo. Mistari ishirini hivi, na hapa na pale nilitia kuhara ili msimamizi asishtuke. Wagonjwa wakija ilibaki kuandika majina na kuwachoma kidole kwa kipimo cha palu, maana ndivyo tunavyoita malaria huku, na wakati wa mvua karibu kila nyumba inayo.

Na mara nyingi nilipatia. Hilo ndilo lililoniharibu. Ningekosea kila siku ningeacha. Lakini wengi walikuwa na homa na kichwa kweli, na wale ambao hawakuwa navyo hawakurudi kunilaumu, kwa hiyo niliwahesabu kuwa wamepona.

Siku moja aliingia mwanamume mwenye kalamu sikioni. Nikamwambia keti, nikamshika mkono, nikamchoma kidole. Alifungua mdomo mara mbili. Mara ya kwanza nilimwambia asubiri, mara ya pili nilimwambia atoe ulimi. Alitoka na vidonge vya homa na agizo la kunywa maji mengi. Kesho yake alirudi akasimama mlangoni, mikono yote miwili ameificha mgongoni, akasema yeye ni seremala na alikuwa ametumwa kupima dirisha. Kisa hicho nimekisimulia kwenye arusi zisizopungua nne. Watu walicheka sana, na mimi nilicheka kuliko wote, na sikuwahi kujiuliza ni wangapi wengine waliofungua mdomo mara mbili.

Sasa niseme kidogo kuhusu bukwe, yaani heshima iliyopo kati ya mtu na wazazi wa mke wake. Vijana wa siku hizi wanawakumbatia mama wakwe zao na kupiga nao picha. Mimi na wangu ni watu wa zamani. Namsalimia nikitazama pembeni. Simpi mkono, hatuli pamoja, na mambo ya mwili, uwe wake au wangu, hayatajwi kati yetu hata kidogo. Akiwa na neno anamwambia mke wangu, na mke wangu ananiletea. Kwa miaka ishirini na miwili tumeishi hivyo vizuri sana, na kama mngeniuliza ningesema huyo ndiye mtu ninayeelewana naye kuliko wote duniani.

Ndiyo maana mchana ule wa kandambili nilimtibu nikiwa sebuleni na yeye akiwa nyuma ya nyumba, kwenye mkeka karibu na jiko. Mke wangu alikuwa akienda na kurudi na mwiko mkononi.

"Mama iko anasema muguu ya kuume haisikie tena."

"Unauma?"

Akaenda, akarudi. "Anasema hauume. Anasema afadhali ungeuma."

"Umevimba?"

Akaenda, akarudi. "Apana. Anasema kule mu shamba, akiingia mu mufereji asubui, muguu ya kushoto inasikia maji iko baridi. Ya kuume haisikie kitu."

Nilifikiri. Nataka iandikwe kwamba nilifikiri. Katika kazi yangu watu wamenilalamikia baridi ya mifupa, baridi ya mgongo, baridi ya tumboni, lakini hakuna aliyewahi kuja kulalamika kwamba amekosa baridi. Nikaona ni kichekesho cha pili baada ya kandambili.

"Mwambie ashukuru Mungu," nikasema. "Wenzake wanavaa soksi wapate hiyo. Halafu mwambie ni uzee."

Nikampa vitamini. Mke wangu alizipeleka nyuma, akarudi na shukrani. Najua kwamba alizimeza zote, na sidhani kama aliamini hata moja.

Lazima mjue mguu ule ulikuwa nini kwake. Baba mkwe alishafariki, na mama mkwe analima mpunga peke yake kule Lubarika. Mpunga wa bonde la Ruzizi unalimwa ndani ya maji. Mtu anashinda ameingiza miguu kwenye matope tangu asubuhi. Asiyeweza kusimama humo hana shamba. Na asiye na shamba, mtoto wake wa pekee akiwa ameolewa Uvira, ataletwa kuishi kwa mkwe wake, kula chakula cha mkwe wake, kupita mbele ya mkwe wake akienda kuoga. Hilo aliliogopa kuliko kifo, alilisema waziwazi kwa mke wangu, na mimi nililielewa kabisa kwa sababu hata mimi nililiogopa.

Miezi ikapita, labda mitano. Siku ya Jumamosi simu ya mke wangu ikalia, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akaifunika kwa kiganja.

"Mama alikuwa anapika. Akasikia harufu ya nyama inaungua. Akauliza jirani, nani iko anachoma nyama? Jirani akaangalia chini, akalia. Muguu yake ilikuwa juu ya kaa ya moto."

"Mwambie awe anaangalia anapokanyaga."

"Anasema ni ile kitu alikuambiaka."

"Kitu gani?"

"Ya maji."

"Maji na moto ni vitu viwili," nilisema, kwa sauti ya mtu mwenye diploma.

Mke wangu akaondoa kiganja kwenye simu, akamwambia mama yake kwamba nitatuma mafuta ya kupaka kwa gari linalokwenda Luvungi, karibu na kwao. Nilituma kweli. Nilituma na kitambaa cha kufungia kidonda, na siku hiyo nilijisikia mkwe mwema.

Halafu ikaja Jumatatu moja ya mvua. Barabara ya bonde ilikuwa salama wiki hiyo na watu walikuwa wanasafiri. Benchi zilijaa tangu saa moja. Nilikwenda kwa mwendo wangu, nikafika mstari wa kumi na sita, nikaita anayefuata bila kuinua kichwa. Nikasikia hatua, moja ya kawaida na nyingine ya kukokota. Mtu akaketi. Kwenye mstari wa kumi na saba nilikuwa nimekwisha kuandika tangu asubuhi: homa, kichwa, viungo.

"Jina?"

Nikainua kichwa, nikaona ni mama mkwe.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha wagonjwa, kipochi chake mapajani, ananitazama usoni. Sikuwa nimewahi kuyaona macho yake kwa karibu. Ni ya kahawia. Nilisimama haraka hata kiti kikaanguka, nikatafuta pa kupita, na ndipo nilipokumbuka kwamba kituo chetu kina mlango mmoja tu na yeye amekaa kati yangu na huo mlango.

"Kaa, dokta," alisema.

"Mama, ngoja nimpigie simu mke wangu aje..."

"Apana. Ule nimemutuma mara mbili, maneno inafika nusu. Leo sikukuya kwa mukwe wangu. Mukwe nimemuacha ku nyumba. Nimekuya kwa dokta, nimekaa ku benchi sawa batu bote, na sasa zamu yangu imefika. Utanisikiliza mupaka nimalize?"

Nilisema ndiyo. Nilikiokota kiti, nikaketi. Kisha, Mungu anisamehe, mkono wangu wenyewe ukakamata kipimo cha palu na ukamshika kidole.

Akauvuta mkono wake polepole. "Kidole iko muzima, dokta. Ni muguu."

Akaanza kusimulia, na alianzia mbali. Alianzia kwenye kupandikiza mpunga wa mwaka juzi, nani alikuwepo, nani alikuwa hayupo na kwa nini, mbegu ilitoka kwa nani. Sijui kama nimewahi kufanya kazi ngumu kama kukaa pale. Mara tatu nilifungua mdomo na mara tatu aliinua kiganja. Niliona kichwani kwangu benchi lote likinuna kule nje, nikaona sifa yangu ya saa tano ikipotea. Lakini ndani ya ule mpunga, kati ya jirani mmoja na mwingine, yalikuwa yanatoka mambo. Kwamba wakati wa kupandikiza, wenzake walipotoka majini wakipiga kelele kwamba ruba amewakamata, yeye alitolewa ruba wawili mguuni bila kujua. Kwamba hapa juu, na hapo aligusa kitenge chake ubavuni na kuangalia pembeni, kuna mahali hapasikii kitu, na ngozi imebadilika rangi, ila si pa kumwonyesha mkwe. Kwamba alichukua mwiba akajichoma mwenyewe pale ili ajue kama ana wazimu.

"Na kambambili, dokta. Jozi ine mu mwaka moja. Muuzaji wa ku soko ananiuliza kama niko nazikula."

Sikucheka safari hii.

"Njo mwisho, nimemaliza," alisema. "Minye siko nadanganya. Na ule muntu pale nyuma yako, naye hadanganye."

Akanyoosha kidole juu ya bega langu. Niligeuka. Nyuma ya kiti changu ukuta mzima umebandikwa afishi za afya, za chanjo, za kunawa mikono, za maji safi. Nilizibandika mwenyewe, na tangu siku hiyo nilikuwa nimezigeuzia mgongo kila siku ya kazi. Ile aliyoionyesha ilikuwa katikati. Ilikuwa na mchoro wa mtu anatembea njiani, na nyuma yake, kwenye vumbi, kandambili moja imebaki. Pembeni, mkono unagusa doa kwenye ngozi kwa kipande cha pamba. Chini, mguu wenye kidonda cha moto.

Mama mkwe hajui kusoma. Alikuwa ameitazama picha hiyo tangu asubuhi kutoka kwenye benchi, kila mlango ulipofunguliwa.

"Muko naye humu ndani miaka yote," akasema. "Hamukuambizana?"

Na afadhali ingekuwa afishi tu. Somo la afishi hiyo nililifundisha mimi. Siku mbili nzima, kwa wajumbe wa afya wa mitaa tunaowaita rele, nimesimama na kijiti mkononi, nikiwaambia: mtu asiyesikia baridi, asiyesikia moto, anayepoteza kandambili bila kujua, mleteni upesi. Ni ukoma. Unatibika kabisa, dawa zipo, na akishaanza dawa hamwambukizi mtu. Lakini akicheleweshwa, mguu uliokufa ganzi haurudi. Walinipigia makofi. Rele mmoja aliuliza kama kuna watu wanaoweza kumwona mgonjwa wa hivyo wasijue. Nilimjibu kwamba wapo, kwa sababu ya ujinga.

Niliona aibu. Sisemi ile ya kuona haya mbele za watu. Ni ile inayomfanya mtu atamani koti analovaa liwe la mtu mwingine. Nilichukua rula nikaukata mstari wa kumi na saba. Nikaukata wa kumi na nane pia, na yote iliyofuata mpaka chini ya ukurasa, wakati yeye ananitazama bila kujua ninachokifuta.

Kisha nikamwita mkunga wetu, mama mtu mzima ambaye hanipendi sana na ana sababu. Akampeleka chumba cha kuzalishia, akavuta pazia. Alikaa naye muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameshika kipande cha pamba.

"Doa iko. Kubwa sawa kiganja. Nimemufunika macho nikagusa, hasikie kitu. Muguu vilevile, kutoka chini mupaka hapa. Weye ulisema ni nini?"

"Nilisema ni uzee."

Mkunga alinitazama juu mpaka chini. "Uzee ya muguu moja?"

Nilichukua simu nimpigie msimamizi wetu wa ukoma.

Nyumbani, kabla sijavua viatu, nilijaribu kumtupia lawama mke wangu. Nilimwambia kwamba hakunieleza vizuri, kwamba habari za mgonjwa zikipita mikono miwili zinapungua. Ni kweli zinapungua. Lakini aliweka mwiko chini, na katika nyumba yetu mwiko ukiwekwa chini mtu hukaa.

"Nilikuambia maji," akasema. "Nilikuambia moto. Ulitaka nikuletee nini ingine?"

Msimamizi wa ukoma na kifua kikuu alikuja Alhamisi kwa pikipiki, akarudia kipimo cha pamba, akapima na nguvu ya vidole vya miguu, akathibitisha. Alileta pakiti za dawa, za kumeza mwezi kwa mwezi hadi mwaka uishe, na vidonge vya kujaribu kuokoa mishipa ya fahamu. Alisema mguu wa kushoto uko salama. Kuhusu wa kulia aliuliza tu, "Ilianza lini?" Nilipomjibu, aliandika.

Kisha akanipa fishi, yaani fomu ya mgonjwa, nijaze mimi, kwa kuwa ndimi muuguzi wa kituo. Kuna mstari mmoja unaouliza sababu ya ugonjwa kugunduliwa kwa kuchelewa. Huo sikuhitaji kuufikiria. Ni sentensi niliyoiandika maisha yangu yote, na kalamu iliijua njia: mgonjwa alichelewa kufika kituoni.

Mama mkwe alikuwa ameketi palepale. "Umeandika nini pale, dokta? Umeandika mufupi."

Ningeweza kumdanganya. Hajui kusoma. Nilimsomea. Alifunga kipochi chake, kikalia. Nikaikata ile sentensi na juu yake nikaandika kwa herufi ndogo, kwa sababu nafasi ilikuwa imebaki ndogo: mgonjwa alieleza mapema, mara mbili, muuguzi hakumwamini. Nikamsomea hiyo pia.

"Sasa ni murefu kidogo," alisema.

Dozi ya kwanza ya kila mwezi humezwa mbele ya muuguzi, na muuguzi ana wajibu wa kumwonya mgonjwa kwamba mkojo utakuwa mwekundu na asiogope. Msomaji mwenye mama mkwe atanielewa. Nilianza kwa kuzungumzia mvua. Nikahamia kwenye mpunga. Mwishowe nikageuka, nikaliambia dirisha, lile lile la seremala, maneno yote kuhusu mkojo wa mama wa mke wangu, jasho likinitiririka.

"Dokta, sema tu," alisema nyuma yangu. "Mukwe hayuko."

Alikuja kila mwezi, mwaka mzima, na kila mwezi alianzia shambani. Kati ya safari moja na nyingine nilijifunza mambo mengi kuhusu mpunga. Siku hizi rejista yangu asubuhi ni nyeupe. Kiti nimekihamishia upande wa pili, nazitazama afishi mimi, na wagonjwa wanatazama dirisha. Benchi huisha saa nane, wakati mwingine saa tisa, chai inapoa, na mtaani wanasema dokta amezeeka. Sijageuka kuwa malaika. Mtu akianza kunieleza ndoto aliyoota kabla ya tumbo kuuma, bado mdomo wangu hufunguka wenyewe, na imenibidi kujizoeza kuketi nimeushika kwa mkono. Wengi wanadhani naumwa jino.

Kurasa hizi ameniruhusu kuziandika. Ruhusa niliiomba kupitia mke wangu, na nilimtuma mara mbili ili nihakikishe jibu halikupunguka njiani.

Siku alipomaliza pakiti ya mwisho, alisema kabla ya kurudi Lubarika anataka kunawa miguu ziwani. Mke wangu alikuwa sokoni. Nilikwenda naye mimi, nikitangulia hatua kumi kama bukwe inavyotaka. Sasa anavaa viatu vyenye mkanda wa nyuma, na kila jioni huutazama mguu wa kulia kwa macho, juu na chini, kwa sababu mguu wenyewe hauwezi kumwambia kitu. Shamba bado analo. Anaingia majini amevaa buti, anafanya kazi nusu ya ile ya zamani, na jirani anamsaidia iliyobaki. Wa kulia haukurudi, na hautarudi.

Alivua viatu kwenye mchanga, akavipanga. Akaingia na mguu wa kushoto, akavuta pumzi kwa meno, kisha akatia wa kulia, akasimama akitazama mbele, upande wa milima ya Burundi.

"Mukwe," aliita. Nilikuwa mkwe tena. "Ya kuume, maji iko inaigusa?"

Niliangalia. Maji yalikuwa yamefika kifundoni.

"Inaigusa, mama."

"Iko baridi?"

Nilivua viatu na soksi. Nilikunja suruali, nikaingia, nikasimama kando yake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, mguu wangu karibu na mguu wake.

"Iko baridi sana, mama."

Akatikisa kichwa kukubali.

"Aya," alisema. "Naamini."

Hakuniuliza mara ya pili.